Namna ya kuanza kuchimba sarufi ya kale ya Kitokaria ukiwa Tanga, bando lako tu

Wadau wa lugha hapa Tanga, Kitokaria kinafanyika kwa simu kabisa. Ziko lugha mbili, A na B, zilikuwa zinaongelewa bonde la Tarim, huko Xinjiang, China, na miswada iliyobaki ni kama ya karne ya 5 hadi ya 10. Mwaka 1908 wataalamu wa Kijerumani Sieg na Siegling wakaonesha kwamba ni za ukoo wa Indo-Ulaya, ukoo mmoja na Kiingereza na Kihindi.

Ingia CEToM, ni mradi wa Chuo Kikuu cha Vienna, humo unapata miswada yenyewe na tafsiri bure. Usirukie Kisanskriti (lugha ya kale ya India, nayo ya ukoo huo huo) kwanza! Chukua daftari, piga safu mbili, B huku A huku, ujaze neno kwa neno. Mia: kante, känt. Farasi: yakwe, yuk. Sikio: klautso, klots. Ukishajaza ya kutosha unaanza kuona mwenyewe, A inadondosha irabu ya mwisho, na au ya B kwa A inakuwa o. Sisi huku tumezoea, Mdigo anasema Chidigo wewe unasema Kidigo na hakuna anayeshangaa, mnajua ch yake ni ki yako.

Sasa hapa tulia. Ukiona B imebaki na irabu zake utataka kusema B ndo mama wa A, hapana, angalia nyumba: B wanasema ost, A wanasema waṣt, na Kisanskriti ni vāstu, kwahiyo ile w ni ya zamani na aliyeipoteza ni B. Hawa ni ndugu, kila mmoja kaharibu kwake na kahifadhi kwake, na mimi neno hili moja ndo naanzia nalo kila nikimfundisha mtu maana linafungua macho haraka sana.

Mtego mkubwa ni maneno ya kuazima, maana maandishi mengi ni ya dini ya Buddha. Kitokaria kilishaunganisha p, b na bh zote zikawa p, kwahiyo ukikuta bh au dh ndani ya neno, kama bodhisātve, hilo ni la Kisanskriti, litoe kwenye safu zako. Pia andika namba ya mswada pembeni (za Berlin zinaanza na THT) na kama ni B ya zamani, ya kati au ya mwishomwisho, coz ukichanganya hizo tatu utadhani ni kanuni ya sauti kumbe ni umri tu wa mswada.

Viambishi vya nomino viache mpaka safu zijae.