Jinsi ya Kuomba Fidia ya Ugonjwa Uliotokana na Kemikali Kazini

Katika maombi ya aina hii, kinachobishaniwa kwa kawaida si ugonjwa wenyewe, bali uhusiano wake na kazi, na uhusiano huo huthibitishwa kwa maandishi.

Anzia kwa daktari, na umweleze kazi yako hata kama hajakuuliza, kwa sababu pumu ya mtu anayepuliza rangi zenye isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu, huweza kutibiwa kama pumu nyingine yoyote. Usichelewe kupima. Kiwango cha madini ya risasi katika damu hupungua kwa takriban nusu ndani ya mwezi mmoja baada ya kuepukana nayo, hivyo anayesubiri nusu mwaka anaweza kupewa majibu yanayomkana.

Kisha andika historia yako ya kazi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo uti wa mgongo wa ombi zima. Wataje waajiri wote tangu wa kwanza, kwa kuwa saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto (madini yenye nyuzi laini) aghalabu hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, au hata zaidi. Kuandika kwamba “nilifanya kazi na kemikali” hakutoshi. Andika kwamba ulisafisha vyuma kwa kitambaa kilicholoweshwa kiyeyushi, bila glavu, katika chumba chenye dirisha moja, na kwa saa ngapi kila siku.

Jina kamili la kemikali hupatikana katika karatasi ya taarifa za usalama, yenye vipengele 16. Cha tatu hutaja viambato, na cha nane hutaja viwango vya juu vya kemikali ambavyo mfanyakazi hapaswi kuvizidi na vifaa vya kujikinga. Mkataba Namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unatambua haki ya mfanyakazi kupewa taarifa hizo. Ukinyimwa, tunza nakala ya barua uliyoombea taarifa hizo na picha ya lebo ya pipa.

Mjulishe mwajiri kwa maandishi, kisha uulize ofisi ya fidia kama muda wa kuwasilisha ombi huhesabiwa tangu siku ya kutambuliwa ugonjwa au tangu siku ya mwisho kazini. Mwajiri akikataa kujaza sehemu yake ya fomu, wasilisha hivyo hivyo pamoja na maelezo ya kukataa kwake, na usiondoke bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Ombi likikataliwa, dai sababu kwa maandishi kabla ya kukata rufaa. Ikiwa sababu ni kutothibitika kwa uhusiano na kazi, usirudishe vyeti vilevile vya matibabu: peleka maelezo yaliyosainiwa na wafanyakazi wenzako, pamoja na maoni ya daktari wa magonjwa ya kazini.