Yoga kwa vijana wa sekondari: anza hivi, na magoti kunja

Mpwa wangu yupo form two, ana miaka 15, na mwaka huu karefuka mpaka suruali ya shule imeachana na viatu. Likizo ya mwezi wa sita kaja kukaa kwangu, nikamwambia hebu inama ushike vidole vya miguu, mikono ikaishia kwenye magoti. "Mjomba mi nimezaliwa mkavu," ndo jibu lake.

Hajazaliwa mkavu. Umri ule mifupa inarefuka haraka, misuli inachelewa kuifuata, wasichana mara nyingi wanaanza mapema na wavulana wanakuja nyuma yao, basi misuli ya nyuma ya paja inakazika kama kamba ya kuanikia nguo. Weka na dawati toka asubuhi, tuisheni jioni, afu usiku shingo imeinamia simu. Kwa hiyo kama na wewe hufiki chini usijione mbovu, na wala usianze yoga ili ufike chini. Wengi wanakosea hapo hapo, wanaona video ya mtu kajikunja kama chapati wanataka wawe hivyo ndani ya wiki.

Afu niseme hili mapema maana najua nyumbani litaulizwa. Yoga imetoka India na huko ina mizizi ya dini, kwa hiyo mzazi akishtuka akisikia hilo jina sio mshamba, ana haki ya kuuliza. Haya ninayoelekeza mimi ni kujinyoosha, kusimama kwa balansi na kuvuta pumzi, hakuna kuimba wala kuomba kitu chochote. Mama akiwa na wasiwasi mwite akae kwenye kochi aangalie mwanzo mwisho. Dada yangu alikuja akiwa kanuna kweli kweli, haikupita dakika kumi kaomba nafasi na yeye anyooshe mgongo. Nairobi kuna Africa Yoga Project, toka 2007 wanafundisha vijana wa mitaa ya mabanda mpaka wanakuwa walimu wanaolipwa, kwa hiyo sio kitu kigeni sana kwetu kama watu wanavyodhani.

Na usiache mpira kwa sababu ya yoga. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji kama dakika 60 kila siku za kuhangaisha mwili mpaka moyo uende mbio, na yoga ya taratibu haikufikishi huko. Hii ni ya kuongezea, mara tatu kwa wiki, dakika 20 zinatosha.

Sasa sakafu. Siku ya kwanza nilimtandikia mkeka wa ukili juu ya tailizi, kosa langu kabisa, akainua kiuno tu mkeka ukaondoka na mikono yake, kidevu kikagonga chini, akajing'ata ulimi, nikabaki naomba msamaha. Mkeka wa ukili na tailizi havipatani. Simenti tupu inashika vizuri kuliko hata tailizi, kunja kanga uweke chini ya magoti yakiuma, au kama unao ule mkeka wa mpira basi sawa. Miguu peku, soksi vua. Bukta au traksuti, na kwa wanaovaa hijabu chomekea ncha zake ndani ya fulana zisikufunike uso ukiinama. Ukishapiga ugali subiri kama masaa mawili. Ramadhani fanya usiku baada ya tarawehe, au kabla ya futari ila nyepesi tu.

Pasha mwili kwanza. Ruka ruka papo hapo, zungusha mabega na nyonga, dakika tatu hivi, usinyooshe msuli wa baridi.

Anza kwa kupiga magoti na viganja chini kama mtu anayepiga deki, magoti chini ya nyonga, viganja chini ya mabega. Ukivuta pumzi tumbo lishuke na kifua kifunguke, ukitoa pumzi vimba mgongo juu kama paka aliyemwona mbwa. Mara nane. Pumzi ipite puani, na mwendo uifuate pumzi sio pumzi ikukimbize wewe. Ukiona umeanza kuhema au umebana pumzi ujue umezidisha, punguza.

Kutoka hapo hapo ndo unaingia kwenye pozi ambalo kila mtu analijua na karibu kila kijana analikosea, la mbwa anayeangalia chini. Tanua vidole vya mikono, sukuma sakafu kama unataka kuihamisha, simamia vidole vya miguu, inua kiuno juu uwe kama paa la nyumba. Sasa sikiliza: kunja magoti. Mpwa wangu alikuwa ananyoosha magoti kwa nguvu na kulazimisha visigino vifike chini, mgongo ukawa umepinda kama mzee mwenye kibiongo, uso mwekundu, mikono inatetemeka. Nikamwambia achia, kunja magoti hata kama unaona kama unaibia, peleka makalio juu na nyuma. Mgongo ukanyooka palepale, mabega yakashuka kutoka masikioni, akasema "kumbe!" Visigino vikining'inia hewani hata mwaka mzima haina shida, cha maana ni mgongo mrefu. Pumua mara tano, shuka magoti, kaa juu ya visigino na uinamishe paji la uso chini upumzike. Rudia mara tatu.

Halafu lala kifudifudi, viganja pembeni ya kifua, viwiko vibane mbavu, inua kifua kama nyoka anachungulia. Jaribu kuinua viganja kidogo toka chini, kifua kikianguka ujue ulikuwa unanyanyuliwa na mikono sio mgongo, basi shuka kidogo. Shingo usiitupe nyuma. Hili kwa watu wa dawatini ni dawa, linafungua kifua kilichojikunja siku nzima.

Simama sasa. Tanua miguu hatua kubwa, mguu wa kulia ugeuze uangalie kulia, kunja goti la kulia, nyoosha mikono pande mbili, macho juu ya kidole cha kati cha mkono wa kulia. Angalia goti lako: lisiangukie ndani, lielekee vidole vya mguu, na lisipite kifundo. Pumzi tano, badili upande. Paja litawaka moto, huo ndo mshahara wake.

Mti kila mtu anaupenda. Simama mguu mmoja, unyayo wa pili uweke kwenye shavu la mguu au juu pajani, kamwe usiuegemeze kwenye goti. Tafuta kitu kisichotikisika ukikodolee macho, msumari ukutani, swichi, usiangalie feni. Ukianguka cheka, rudi.

Mwisho kaa chini miguu mbele, pitisha kanga kwenye nyayo, shika ncha mbili, kunja magoti kidogo na uegemee mbele kutokea kiunoni. Kanga inaziba ule urefu uliokosa. Usidunde dunde, tulia sekunde 30 hivi.

Kuna na wale wa upande wa pili, hasa wasichana, anainama kirahisi mpaka viwiko na magoti vinapinda kwa nyuma, wenzake wanampigia makofi. Huyo ndo namwonea wasiwasi zaidi kuliko mkavu, maana anaegemea viungo badala ya misuli. Aishie kabla ya mwisho wake, akunje goti kidogo, akaze paja.

Kusimama kwa kichwa nyumbani hapana, shingo yako sio nguzo, hata kama mwenzio kaipost. Hakuna mtu kukusukuma mgongo ili ushuke. Kuvutika ni sawa, ila ukisikia maumivu ya kuchoma, ganzi, au kiungo chenyewe ndo kinauma, toka kwenye pozi. Wachezaji mpira wengi wa umri huu wanapata uvimbe unaouma chini kidogo ya kifuniko cha goti, ukiwa nao usipige goti hilo chini, na daktari aliangalie. Mwenye pumu dawa yake iwe karibu.

Ukimaliza lala chali, mikono pembeni, macho funga, dakika tano, usiguse simu. Wenyewe wanaliita pozi la maiti, kwetu nikitaja hilo jina mama mtu anasema astaghfirullah, kwa hiyo tunasema kulala chali tu. Mpwa wangu hapo anapitiwa na usingizi kila siku, mpaka anakoroma, namwamsha kwa kumvuta kidole gumba cha mguu akaoge.