Mzee anameza junia aspirini na damu haikati, fanya hivi

Kama una mzee nyumbani aliyewekewa stenti ya moyo (kimrija cha kuacha mshipa wa moyo wazi) au aliyewahi kupata kiharusi, kuna uwezekano mkubwa anameza junia aspirini (aspirini ya dozi ndogo) kila siku, wengine na klopidogreli, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, juu yake. Kazi yake ni kuzuia chembe sahani (zile chembe za damu zinazoshikana kuziba kidonda) zisishikane, na chembe ikishaguswa na aspirini ndo basi, inasubiriwa mpya, na chembe moja inaishi siku 7 mpaka 10 hivi. Ndo maana hata kisu cha kitunguu kinamtoa damu hujui inatoka wapi, na hamna sindano ya kufuta hizo dawa, kwahiyo mkono wako ndo unaanza kazi.

Kidonda: kunja kitambaa kisafi, gandamiza kwa nguvu dakika 10 mpaka 15, angalia saa. Usichungulie! Hapa ndo wengi tunaharibu, unafunua uone kama imekata unabandua ule mgando unaanza upya. Kitambaa kikilowa usikitoe, ongeza kingine juu ugandamize zaidi. Majivu, kahawa, dawa ya meno, achana navyo.

Pua: asiangalie juu jamani, akae ainame mbele, abane ile sehemu laini chini ya mfupa dakika hizo hizo, apumue kwa mdomo, damu ateme kwenye beseni maana akiimeza atatapika halafu hutajua imetoka kiasi gani.

Dakika zimeisha bado inatoka, tafuta usafiri. Na usisubiri hata kidogo kama anatapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo ni cheusi kinanata kama lami (vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo cheusi, ila hakinati hivyo), au anatoka jasho la baridi anaona kizunguzungu. Akianguka akagonga kichwa mpeleke hata kama yuko fresh anadai chai yake, damu ya ndani ya kichwa inaweza kuja taratibu.

Beba pakiti zote za dawa, sema kameza ya mwisho saa ngapi. Usimsimamishie dawa mwenyewe, stenti inaweza kuziba akapata shambulio la moyo, hayo waamue madaktari. Na kabla hujatoka pekua chini ya mto, diklofenaki za magoti ndo zinakaa huko na hakwambii mtu, nazo zinachimba tumbo.