Kumpima mzazi presha nyumbani

Baba yangu ana presha, na hapa nyumbani Tanga mimi ndiye ninayempima. Mashine ni rahisi kutumia, ila ukiwa na haraka itakupa namba za uongo.

Kwanza aende haja ndogo, maana kibofu kikijaa presha hupanda. Kama amekunywa kahawa au amevuta sigara, subiri nusu saa. Akae kwenye kiti chenye egemeo, asikunje nne, nyayo zote chini, atulie dakika 5. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi. Mkono wa shati ukibana, mvue shati kabisa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hukuza namba. Halafu kimya. Hapo ndipo kazi ilipo kwa Baba: mashine ikianza kuvuma, naye anauliza nani kabisha hodi. Namwambia, "Baba, tumalize kwanza," na tunaanza upya.

Pima mara 2 asubuhi kabla ya dawa, mara 2 jioni, ukipumzika dakika 1 katikati. Andika zote daftarini, hata zinazokutisha. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani ukifika 135/85 (namba ya juu 135, ya chini 85) presha iko juu. Kliniki huhesabu kuanzia 140/90. Usimwongezee wala kumpunguzia dozi mwenyewe. Mpelekee daktari daftari.

Namba zikishuka, dawa haziachwi: zimeshuka kwa sababu anameza. Presha inaweza isimuume popote, huku ikiharibu moyo, figo na macho. Dawa za presha nazo zina maudhi: miguu ikivimba kwa amlodipini, au enalaprili ikimletea kikohozi kikavu, arudi kwa daktari abadilishiwe. Na ukimnunulia dawa ya maumivu ya goti, sema dukani kwamba ana presha, kwani dawa ya maumivu kama diklofenaki huipandisha.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani haifiki kijiko cha chai kilichojaa. Papa mkavu, anayempenda mno, tunamloweka usiku kucha, tunamwaga maji, ndipo anaingia kwenye tui, kwa ndimu na pilipili bila chumvi nyingine.

Ukiona 180/120 au zaidi, mpumzishe dakika 5 urudie. Ikibaki hapo, mpigie daktari siku hiyohiyo. Lakini kifua kikimbana, pumzi ikikata, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakimtatiza, mkimbize hospitali papo hapo, hata kama mashine inaonyesha namba nzuri.