Kabla hujapeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na barua nyingi za malalamiko huanzia mezani kwangu. Mzee mmoja alinijia na kurasa saba za mwandiko wake. Maofisa alikuwa amewatukana mmoja mmoja, akawashtakia kwa Mungu, lakini siku aliyokamatwa mwanawe haikuwemo popote. Tulitoka na ukurasa mmoja.

Jiulize kwanza: aliyekukosea ni nani? Tume kazi yake hasa ni polisi, magereza, halmashauri, wenye mamlaka ya umma. Ugomvi wa mpaka na jirani upeleke baraza la ardhi la kijiji. Halafu, je, shauri liko mahakamani? Kama liko, Tume ya Tanzania imezuiwa na sheria kulichunguza, na ya Uganda vivyo hivyo. Wengi hukwama hapa kwa kubisha hodi kila mlango siku moja.

Barua yenyewe iwe na jina lako, simu, mahali, tarehe, na cheo cha mhusika kama jina hulijui. Taja ofisi ulizokwisha kulalamika. Ambatisha nakala, narudia, nakala. Karatasi halisi zibaki kwako. Kisha useme unachotaka. "Naomba haki" haimsaidii mchunguzi. "Naomba nilipwe mafao yangu" inamsaidia. Kama kuandika hakupandi, nenda ukaeleze kwa mdomo.

Sasa nguvu za Tume, maana hapa watu huvunjika moyo. Inaweza kumwita ofisa, kudai nyaraka na kukagua magereza. Uganda wamekwenda mbali zaidi: Ibara ya 53 ya Katiba yao ya 1995 inairuhusu Tume kuamuru mtu aliyezuiliwa aachiwe, au alipwe fidia. Yetu ya Tanzania, iliyoundwa kwa Ibara ya 129 ya Katiba na kupewa Sheria Na. 7 ya 2001, hutoa mapendekezo. Yakipuuzwa, inaweza kwenda mahakamani yenyewe au kumshauri mlalamikaji aende. Wanakijiji wa Nyamuma, kule Serengeti, walishinda mbele ya Tume, serikali ikayakataa mapendekezo, safari ya mahakamani ikaanza upya. Kwa hiyo tunza kila karatasi kama vile kesho utasimama mbele ya jaji.

Ukipokelewa, usiondoke bila namba ya jalada. Mzee wangu aliiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mjukuu wake, karatasi pekee ambayo nyumbani kwake haipotei.