Laptopu ya Linux inayomaliza chaji ikiwa imelala

Ukifunga laptopu jioni ikiwa na chaji ya kutosha, asubuhi ukaikuta ya moto ndani ya begi na betri imeisha, usikimbilie kununua betri mpya. Fungua terminali uandike:

cat /sys/power/mem_sleep

Utaona aina za usingizi: s2idle na, kwa mashine nyingi, deep pia. Iliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo inayotumika. s2idle ni usingizi wa mang'amung'amu: prosesa imetulia, lakini mashine haijazimika hasa. deep hukata umeme karibu kila mahali isipokuwa kwenye RAM, ndiyo maana kwa kawaida hula chaji kidogo zaidi.

Kama deep ipo, ijaribu kwanza bila kugusa mpangilio wa kudumu:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Ilaze kwa systemctl suspend, iamshe, kisha hakikisha skrini, Wi-Fi na tachipadi vimerudi. Kitu kikigoma, izime uiwashe tena. Mpangilio wa zamani utarudi wenyewe. Ikiamka salama, fungua /etc/default/grub (faili la mipangilio ya kuwasha Linux), uongeze mem_sleep_default=deep ndani ya alama za kunukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, halafu uandike sudo update-grub (hiyo ni kwa Ubuntu, Debian na ndugu zao).

Laptopu nyingi mpya zina s2idle peke yake. Hapo usihangaike na deep. Sasisha BIOS (programu ya ndani inayowasha mashine) na kerneli (kiini cha Linux), na ukisafiri, bora uizime kabisa.

Inajiamsha yenyewe? Chomoa kwanza kile kipokezi cha USB cha mausi.