Jua umri wa hita ya maji kabla ya kulipa kodi

Usipime hita ya bafuni kwa weupe wake. Ganda la nje hubaki zuri hata tanki la ndani likiwa limeshaliwa na kutu. Ingiza simu chini au ubavuni mwa hita, piga picha kibandiko chenye volti na wati, utafute tarehe. Isipokuwepo, soma tarakimu 4 za mwanzo za namba ya mfululizo: baadhi ya viwanda huanza na mwaka kisha wiki, vingine mwezi kisha mwaka. 1134 ni wiki ya 34 ya 2011. Ila 1108 yaweza kuwa wiki ya 8 ya 2011 au Novemba 2008, kwa hiyo hakiki mfumo wa kiwanda husika.

Kibandiko kikifutika, umekwama. Na maji ya kisima yenye chumvi hula upesi fimbo ya magnesiamu inayolinda tanki, hivyo hita changa yaweza kuwa imechoka. Muulize mwenye nyumba fimbo ilibadilishwa lini, kisha fungua bomba: maji ya moto yakitoka ya kahawia na ya baridi ni safi, yaelekea kutu imo tankini.